Gorogoro Lililobonyea: Kununua Vyakula Visivyo na Gluteni Ughaibuni

Katika soko la Kongowea, Mombasa, mama yangu hakununua mahindi kabla ya kuligeuza gorogoro, lile kopo la muuzaji la kupimia nafaka, na kulitazama kitako. Kama kitako kilibonyezwa kwenda ndani, alilirudisha chini bila neno, akahamia kwa muuzaji wa pili. Bei ilikuwa moja soko zima. Kilichotofautiana ni kitako.

Gorogoro lile nimelikumbuka hapa Leicester, Uingereza, nimesimama mbele ya rafu ya vyakula visivyo na gluteni, mkononi mkate ambao mfuko wake umejazwa hewa hadi unateleza. Rangi ile ile, jina lile lile, bei imepanda kidogo, na mkate wenyewe umepungua vipande viwili. Hakuna aliyesema uongo: uzito umeandikwa nyuma kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta. Sheria ya hapa inataka uzito ulioandikwa uwe wa kweli. Haimlazimishi mtengenezaji kukwambia kwamba mwaka jana ulikuwa mkubwa zaidi.

Mwanangu aligunduliwa kuwa na siliaki (coeliac) akiwa na miaka sita. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, yaani ile protini ya ngano, shayiri na rai (rye), huugeukia utumbo mwembamba na kuushambulia. Hauna dawa. Tiba yake ni kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Kwa hiyo siandiki kwa ajili ya mtu anayetaka kupunguza kitambi. Naandika kwa familia ambayo ile rafu ya bei mbaya ndiyo duka lake la dawa. Sisi tulilipa mwaka mzima bila kuuliza kitu. Kisha tukaanza kugeuza magorogoro.

Pimwa kabla hujaacha ngano

Hili nalitanguliza kwa sababu nimewaona wenzetu wengi wameliharibu. Tumbo linajaa, rafiki anasema acha mkate, mtu anaacha, anapata nafuu kidogo, na tangu siku hiyo analipa bei ya mara nne bila kujua kama ana ugonjwa. Akienda hospitali miezi sita baadaye, kipimo cha damu huenda kisione kitu. Kipimo hicho hutafuta antibodi, protini za kinga ambazo mwili wenye siliaki huzitoa unapokula gluteni. Ukiiacha, nazo hupungua. Mwongozo wa Uingereza unataka uwe unakula gluteni katika mlo zaidi ya mmoja kila siku, kwa angalau wiki sita, kabla ya kutolewa damu. Kwa hiyo endelea na chapati zako mpaka upimwe.

Wala usisubiri kuhara. Kwa mwanangu ilikuwa upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, na kimo kilichogoma kuongezeka. Daktari wa kwanza alituambia tumpe nyama zaidi. Na mmoja akigunduliwa, ndugu wa damu nao wapimwe: wazazi, watoto, kaka na dada. Kwao uwezekano ni karibu mmoja kati ya kumi, wakati kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kati ya mia.

Karatasi ya daktari itunze. Nitarudi kwayo tukifika kwenye pesa.

Geuza pakiti

Tuseme unga uliokuwa kilo moja kwa pauni 2.40 sasa ni gramu 750 kwa pauni 2.40 zile zile. Macho yanaona robo imeondoka, na moyo unasema bei imepanda kwa robo. Sivyo. Gramu 100 zilikuwa peni 24, sasa ni peni 32: umepandishiwa theluthi nzima. Pakiti ya tambi ikishuka kutoka gramu 500 hadi 400 umepoteza sehemu moja ya tano, lakini bei imepanda kwa robo. Ujazo ukipunguzwa, hasara huwa kubwa kuliko jicho linavyoiona, na mwenye kiwanda analijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe.

Dawa yake ni bei ya kipimo, ile namba ndogo pembeni ya bei kubwa kwenye kibandiko cha rafu. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, sheria inazitaka supamaketi ziiandike. Ila angalia vizuri: bidhaa moja inaweza kuandikiwa bei ya gramu 100 na jirani yake bei ya kilo, na mtu mwenye haraka akadhani ya kwanza ni rahisi mara kumi. Maduka madogo ya hapa, yale yasiyozidi mita za mraba 280, yamesamehewa sharti hili, na maduka yetu ya Kiafrika na ya Kihindi karibu yote yamo humo. Huko unatoa simu: bei, gawa kwa gramu, zidisha kwa 100. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima. Majimbo machache kama Massachusetts ndiyo yanayolazimisha. Canada ni jimbo la Quebec peke yake.

Mchezo wenyewe si wa jana. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilihesabu bidhaa 2,529 zilizopunguzwa ukubwa kati ya mwanzo wa 2012 na katikati ya 2017, na hiyo ilikuwa kabla ya vita vya Ukraine na kabla ya Machi 2023, mwezi ambao bei za vyakula hapa zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 ndani ya mwaka mmoja. Ufaransa wamejaribu kuuweka hadharani: tangu Julai 1, 2024, duka lenye zaidi ya mita za mraba 400 linatakiwa kubandika tangazo kwa miezi miwili bidhaa inapopunguzwa ujazo na bei ya kipimo ikapanda. Ujerumani, taasisi ya kutetea walaji ya Hamburg huweka orodha ya pakiti za hila na kila mwaka huitangaza iliyotia fora. Uingereza tunajitegemea. Mimi nimepiga picha nyuma ya kila pakiti tunayonunua mara kwa mara, zipo kwenye simu katika albamu inayoitwa Kitako. Kila baada ya miezi mitatu nalinganisha. Mume wangu alicheka mpaka siku nilipomwonyesha biskuti.

Kwetu sisi wa gluteni maumivu ni mara mbili, maana tulianzia juu. Shirika la wenye siliaki la hapa, Coeliac UK, limekuwa likilinganisha bei kwa miaka, na mkate usio na gluteni hutokea kuwa zaidi ya mara nne ya bei ya mkate wa kawaida, gramu kwa gramu. Baadhi ya sababu ni za haki: kinu na mashine visiguse ngano, kila toleo lipimwe, wanunuzi ni wachache, mkate wenyewe hauna maisha marefu. Nyingine ni kwamba muuzaji anajua huna pa kwenda.

Lakini mahali pa kwenda papo.

Unalipia muhogo

Siku moja mwanangu alipokuwa amelala nilikaa kusoma viambato vya pakiti ya unga mchanganyiko niliyoilipia kwa uchungu. Unga wa mchele. Wanga wa viazi. Tapioka. Unga wa mtama. Gundi kidogo ya kushikanisha. Tapioka ni wanga wa muhogo! Nilikuwa nimevuka bahari kuja kuuziwa muhogo na mtama kwa gramu, ndani ya boksi lenye picha ya ua. Nilimpigia mama simu nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, si umpikie ugali tu?"

Tangu hapo tumegeuza mpango. Mezani kwetu chakula cha msingi ni kile ambacho tangu asili hakina gluteni: wali, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi mbichi, viazi vitamu, maharage, mbaazi, kunde, samaki, nyama, mayai, mtindi. Vile vya kiwandani vinavyoiga ngano tunavinunua kwa mambo mawili matatu tu ambayo mtoto anayalilia, na hivyo ndivyo ninavyovihesabu kwa gramu.

Leicester tuna bahati ya Belgrave Road. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, maelfu yao walihamia mji huu, na maduka yao yanauza nusu ya shamba la bibi yangu kwa majina mengine. Yajue majina hayo na utayapata Southall (London), Toronto au Houston vilevile: jowar ni mtama, bajra ni uwele, ragi au nachni ni wimbi, ambao Watanzania mnauita ulezi, besan ni unga wa dengu, makai ni mahindi. Muhogo wanauita mogo, neno walilolibeba kutoka kwetu. Mzee wa duka ninalolipenda alizaliwa Jinja, na nikiingia tu ananiita: "Mama, mogo iko!" Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi walio Ubelgiji wanapata unga wa muhogo Matonge, Brussels, kwa mifuko mikubwa, nao gawanya bei kwa kilo kabla ya kubeba, kwa kuwa mfuko mkubwa si lazima uwe rahisi.

Usijaze sahani kwa mchele na muhogo peke yake. Utumbo uliojeruhiwa umekaa muda mrefu bila kufyonza chuma na kalisi. Uji wa wimbi una kalisi nyingi kuliko nafaka zote za jikoni kwetu, na kunde na dengu zinaleta protini ambayo mkate wa kiwandani usio na gluteni mara nyingi unayo kidogo.

Mitego

Hapa ndipo ninapokuwa mkali hata kwa mama yangu.

Kiwango kinachokubalika kwa chakula kuitwa hakina gluteni, Ulaya, Uingereza na Marekani, ni miligramu 20 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano kikiangukia kwenye kilo ya mtama, umeshapita kiwango hicho zaidi ya mara kumi. Sasa fikiria kinu cha posho kijijini kinachosaga ngano asubuhi na mahindi mchana, au kiwanda cha Kihindi kinachopakia jowar na unga wa chapati kwenye mstari mmoja. Nafaka haina gluteni, lakini pakiti inayo. Tafuta alama ya shuke lililokatwa kwa mstari, au maneno rasmi ya kuwa haina gluteni. Nikikosa, nanunua mtama mzima, nauchambua kwenye sinia kama tulivyochambua mchele, nauosha, nauanika, nausaga kwa mashine yangu ambayo haijawahi kuonja ngano. Hii haifikii uhakika wa alama. Kipimo cha damu cha kila mwaka hunipa dalili tu kama tuko salama. Muhogo wa barafu, ndizi na viazi havina shida hiyo. Unamenya, unaosha, unapika.

Unga wa uji lishe unaotumiwa na ndugu kutoka nyumbani, asante sana, lakini mara nyingi umetiwa ngano pamoja na soya, karanga na mtama. Semolina ni ngano hata ikiuzwa pembeni ya unga wa fufu, na baadhi ya pakiti za fufu nazo zimechanganywa. Injera ya teff safi, ile nafaka ndogo ya Ethiopia, haina neno. Ya mikahawani huku nje mara nyingi ina ngano au shayiri, uliza. Mvuje wa unga, ule hing wa kopo dogo, kwa kawaida umekolezwa na unga wa ngano. Sosi ya soya kwa kawaida ina ngano. Vinywaji vya kimea vina shayiri. Shayiri hasa iogope Marekani: sheria yao ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itajwe waziwazi, haisemi kitu kuhusu shayiri wala rai. Uingereza na Ulaya zote tatu lazima zitofautishwe na maneno mengine kwenye orodha ya viambato, mara nyingi kwa herufi nzito.

Orodha hiyo inaokoa pesa pia. Usiishie kwenye rafu maalumu. Tembea duka zima na kusoma: soseji, viazi vya kukaanga vya pakiti, sosi ya nyanya, aiskrimu, vingi havina kiambato chochote cha gluteni na vinauzwa kwa bei ya kila mtu. Na usilipie alama ya gluteni juu ya kitu kama maziwa au mayai.

Chapati

Najua ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Sitakudanganya: chapati ya ngano ya kusokotwa tabaka kwa tabaka haitarudi. Hii ni binamu yake, na kwa mchuzi wa maharage anatosha.

Gramu 150 za unga wa mtama au wa mchele, gramu 100 za wanga wa muhogo (wanga, si unga wa ugali, ni vitu viwili), gramu 50 za unga wa dengu, chumvi, na kijiko kikubwa kimoja kilichojaa cha maganda ya isabgol (psyllium). Isabgol ndiyo siri. Wahindi wanaiuza kama dawa ya choo kigumu, na ndiyo ile ile ambayo viwanda vinatia kwenye mikate kushika umbo badala ya gluteni. Kwenye maduka ya afya utailipia ukiwa unasaga meno. Belgrave Road ni ya bei ya kawaida. Changanya vikavu, mimina maji yaliyotoka kuchemka kidogo kidogo, karibu mililita 280 hadi 300, ukikoroga kwa mwiko, weka vijiko viwili vya mafuta. Ukiweza kushika, kanda. Funika dakika ishirini; usiruke hatua hii, isabgol inahitaji muda wa kunywa maji. Sukuma kati ya karatasi mbili za kuokea, si kwenye kibao chako cha zamani ambacho kina ngano kwenye mikwaruzo. Chuma cha kupikia chapati nacho kiwe chake peke yake.

Kwa mkoba wa shule, acha mkate. Watu wa pwani tulishatatua hili zamani na hatukujua: vitumbua ni mchele, tui, iliki, sukari na hamira. Mkate wa kumimina vilevile. Naloweka mchele Ijumaa usiku, nasaga Jumamosi, napika vitumbua arobaini, vinaingia kwenye barafu. Asubuhi mtoto anatoa vinne. Mwalimu aliwahi kuniuliza ni keki gani hizo.

Mkate wa dukani tunao mmoja kwa wiki. Naununua jioni, maana kwenye rafu hii wanunuzi ni wachache na vibandiko vya njano vya punguzo huwa vingi siku ya mwisho. Unakatwa na kuingia barafuni siku hiyo hiyo, tunachoma kipande kimoja kimoja. Ukiuacha juu ya meza, kesho ni tofali.

Pesa zinazorudi

Karatasi ya daktari sasa itoe. England tangu Desemba 2018 mkate na unga usio na gluteni ndivyo pekee vinavyoweza kuandikwa na daktari wa NHS, huduma ya afya ya serikali, na baadhi ya maeneo yameacha kabisa. Uliza eneo lako, kwa sababu mtaa wa pili jibu linaweza kuwa jingine. Mtoto chini ya miaka 16 halipii. Scotland mambo ni mazuri zaidi: mgonjwa anajiandikisha kwenye duka la dawa na kupata mgao bila kurudi kwa daktari kila mara. Wales, eneo la Hywel Dda lilianzisha kadi inayowekwa pesa, ununue mwenyewe dukani.

Ireland unadai nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa vyakula vilivyotengenezwa mahsusi kwa wenye siliaki. Italia wanatoa kiasi cha kila mwezi kulingana na umri na jinsia. Ubelgiji na Ufaransa, bima ya afya hurudisha sehemu. Sweden, watoto chini ya miaka 16 huandikiwa vyakula hivi kama dawa.

Canada inataka subira. Unadai tofauti tu: mkate wako ukiwa dola 8 na wa kawaida wa uzito ule ule dola 3, ni dola 5 ndizo zinazohesabika, tena kwa sehemu aliyoila mgonjwa, si familia nzima, na kuna kizingiti kulingana na mapato. Picha zangu za Kitako zingefaa sana huko, maana ukilinganisha pakiti kwa pakiti bila kuangalia gramu unajipunja mwenyewe. Marekani nayo ni tofauti ya bei, ila gharama zako zote za matibabu zizidi asilimia 7.5 ya mapato na uwe unaorodhesha makato yako moja moja, kwa hiyo wengi hawafiki. Popote ulipo, risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo. Wino wake unafutika kabla ya msimu wa kodi.

Sherehe

Lililobaki ni watu. Harusi, maulidi, ubatizo, hitima: kuna shangazi atakayesema kidogo tu hakidhuru. Usibishane naye mbele ya watu. Nampigia mwenye shughuli siku mbili kabla, namwambia, "Dada, mtoto ana ugonjwa wa ngano, naomba nijue pilau mmetia viungo gani vya pakiti." Neno ugonjwa wanalielewa, neno gluteni wanadhani ni maringo. Kisha nabeba bakuli lake la akiba, na naomba apakuliwe wa kwanza, kabla mwiko wa pilau haujapita juu ya sinia la sambusa.